Seti ya FlySky FS-i6 na kipokezi FS-iA6B kwenye kigari cha Arduino

Rimoti ya FlySky FS-i6 imekuwa mikononi mwa wajenzi wa vigari, boti na ndege ndogo kwa miaka mingi, na kwa kuiangalia tu mtu hawezi kudhani kwamba ina jambo kubwa la kumpa anayefanya kazi na Arduino, bodi ndogo ya elektroniki unayoiandikia programu mwenyewe. Ni rimoti ya chaneli 6, yaani hutuma amri sita tofauti kwa pamoja, inatumia mawimbi ya GHz 2.4 kwa mfumo ambao kampuni yenyewe inauita AFHDS 2A, skrini yake ni ndogo na haina rangi, na inaendeshwa na betri nne za AA. Thamani yake, kwa maoni yangu, iko kwenye kipokezi kinachouzwa pamoja nayo, hasa kile cha FS-iA6B, kwa sababu kina tundu moja dogo linalotoa taarifa za chaneli zote kwa waya mmoja, katika mpangilio ambao maikrokontrola (chipu inayoendesha programu, kama ile ya Arduino) ya bei ndogo huusoma bila msaada wa kifaa kingine. Tathmini hii inahusu seti hiyo ikitumika kwenye kigari cha ardhini cha magurudumu manne, kinachogeuka kwa kutofautisha kasi ya upande wa kushoto na ya upande wa kulia kama lifanyavyo tingatinga la minyororo, na inagusa pia bodi mbili za kuendeshea mota ambazo wajenzi wengi huzinunua pamoja nayo.

Niseme mapema ninapoelekea. Kwa mjenzi anayetaka kuandika programu yake mwenyewe, sijatumia seti nyingine ya kiwango hiki cha bei inayompunguzia kazi kama hii, na ningemshauri aichukue. Hata hivyo seti hii inamwachia mnunuzi jukumu moja zito ambalo halisisitizwi inavyostahili: jinsi inavyotoka kiwandani, mawimbi yakikatika kigari kinaweza kuendelea kutekeleza amri ya mwisho kilichoipokea. Kigari cha kilo kadhaa chenye mota za gia si kitu cha kuachwa kijiendee mahali penye watoto, na kwa hiyo nimelipa jambo hilo nafasi kubwa kuliko mengine yote hapa chini.

Tuanze na rimoti yenyewe. Ni nyepesi, plastiki yake ni ya kawaida, lakini vijiti vyake viwili vinasogea kwa ulaini unaotosha kabisa kwa gari la ardhini. Juu yake kuna swichi nne, SWA hadi SWD, ambapo SWC ina nafasi tatu na zilizobaki zina mbili mbili, pamoja na vizungusho viwili vinavyoitwa VRA na VRB. Ukiiwasha huku swichi yoyote ikiwa imeshushwa, au kijiti cha kushoto kikiwa hakijafikishwa chini kabisa, skrini hutoa onyo na kukuzuia kuendelea mpaka kila kitu kirudi mahali pake. Wapo wanaoliona onyo hilo kuwa usumbufu. Mimi nalihesabu kuwa mojawapo ya mambo bora ya rimoti hii, maana linahakikisha kwamba kigari hakipokei amri ya kukimbia katika sekunde ya kwanza.

Menyu zake zina tabia moja ya kuzoewa. Mabadiliko hayahifadhiwi kwa kubonyeza OK, bali kwa kubonyeza Cancel na kuishikilia kwa muda. Ukiigusa tu na kuachia, ulichobadilisha kinapotea na ukurasa unarudi ulivyokuwa. Mtu asiyelijua hili anaweza kupanga kila kitu kwa uangalifu, akazima rimoti akiamini kazi imekwisha, kumbe hakuna kilichobaki kwenye kumbukumbu. Kwa hiyo baada ya kila marekebisho ni vizuri kuufungua tena ukurasa uleule na kuhakikisha kwamba namba ulizoweka bado zipo.

Kuhusu betri, ni faraja kwamba AA zinapatikana katika duka lolote la mtaani, na rimoti hulia kuonya volti zinaposhuka chini ya 4.2. Ukitumia betri za kuchaji za NiMH, ambazo kila moja ina volti 1.2, jumla inakuwa volti 4.8 tu, hivyo nafasi iliyopo kabla ya onyo ni ndogo kuliko kwa betri za kawaida zinazoanzia volti 6. Hilo si tatizo mradi uwe na seti ya pili iliyochajiwa, na usimalizie safari baada ya kusikia mlio.

Kasoro ya kwanza ya kweli inahusu vijiti. Rimoti hii ilibuniwa ikimlenga zaidi mrusha ndege, na katika toleo linalouzwa zaidi kijiti cha kushoto hakirudi katikati chenyewe kinaposukumwa mbele na nyuma. Kinakaa pale kilipoachwa, kwa kuwa ndege huhitaji mota iendelee kuzunguka hata rubani akiondoa kidole. Kwa kigari hali hiyo haifai. Ukiachia kidole, kigari kinapaswa kusimama. Suluhisho rahisi ni kuacha kabisa kutumia kijiti hicho na kuweka kazi yote kwenye kijiti cha kulia, ambacho hurudi katikati kwa pande zote mbili: chaneli ya 2 iwe ya kwenda mbele na nyuma, na chaneli ya 1 iwe ya kugeuka. Mkono mmoja unaendesha, mwingine unabaki huru kwa swichi. Baada ya kuzoea mpangilio huo sioni sababu ya kuifungua rimoti na kuhamisha springi, ingawa wapo wanaofanya hivyo.

Kwa haki ya bidhaa hii niongeze kwamba mtu asiyetaka kuandika programu kabisa anaweza kuitumia pia. Ndani ya menyu kuna kazi inayoitwa Elevon, iliyowekwa kwa ajili ya ndege zisizo na mkia, ambayo huchanganya chaneli ya 1 na ya 2 ndani ya rimoti yenyewe, na mchanganyiko huo ndio uleule unaohitajika na kigari cha kugeuka kwa tofauti ya kasi. Ukinunua vidhibiti viwili vya mota vinavyopokea mipigo ya kipokezi moja kwa moja, kigari kitatembea bila Arduino. Maikrokontrola inahitajika pale unapotaka zaidi: kupandisha kasi polepole, kupima betri, kuwasha taa na, zaidi ya yote, kuamua wewe mwenyewe nini kifanyike mambo yakiharibika.

Sasa kipokezi. FS-i6 huuzwa pamoja na FS-iA6 au FS-iA6B, na herufi hiyo moja ya mwisho ndiyo tofauti kubwa kuliko zote kwa mtu wa Arduino. Vyote viwili vinatoa mipigo ya kawaida ya servo (mota ndogo za kugeuza usukani au bawa) kwa kila chaneli katika pini zake: mpigo wa mikrosekunde 1000 upande mmoja wa kijiti, 1500 katikati, 2000 upande wa pili, ukirudiwa takriban kila baada ya milisekunde 20. FS-iA6B inaongeza matundu mawili ya i-BUS, mfumo wa FlySky wa kutuma taarifa kwa namba kupitia waya mmoja, moja limeandikwa SERVO na jingine SENS. La SERVO ndilo linalotoa taarifa za chaneli zote. La SENS ni la vipimo vinavyorudi kwenye rimoti, kama vile volti za betri. Anayeuchomeka waya wake kwenye SENS akitarajia chaneli atasubiri bure.

Wengi huanza kwa kusoma mipigo ya kawaida kwa amri ya pulseIn, kwa kuwa mistari mitatu ya programu inatosha kuona namba zikibadilika. Kwa majaribio ya mezani sina ugomvi na njia hiyo, lakini kwa kigari kinachotembea naikataa. Amri hiyo husimamisha programu nzima ikisubiri mpigo uanze na uishe, hivyo kusoma chaneli mbili kunaweza kula hadi milisekunde 40, na katika muda huo Arduino haifanyi kitu kingine. Baya zaidi ni pale waya unapochomoka. Bila kuwekewa kikomo, pulseIn husubiri sekunde 1 nzima kwa kila chaneli, kisha inarudisha sifuri; na programu nyingi zinazonakiliwa huku na kule huchukua thamani hiyo na kuibadilisha kutoka kipimo cha 1000 hadi 2000 kwenda kipimo cha hasi 255 hadi chanya 255. Sifuri ikipitishwa kwenye hesabu hiyo inatoa hasi 765, ambayo ikikatwa kufikia kikomo inakuwa hasi 255. Maana yake ni kwamba waya mmoja ukichomoka, kigari kinarudi nyuma kwa kasi yake yote. Kuna njia bora zaidi ya kusoma mipigo kwa kuikatiza programu kila pini inapobadilika hali, lakini Arduino Uno ina pini mbili tu za kazi hiyo kwa ukamilifu, yaani 2 na 3, na kuzitumia nyingine kunahitaji maarifa ya ziada.

Hapo ndipo i-BUS inapostahili sifa. Ujumbe wake una baiti 32 na unatumwa kwa kasi ya biti 115,200 kwa sekunde, kwa hiyo unamalizika kupita chini ya milisekunde 3, na mwingine unafuata takriban kila baada ya milisekunde 7. Baiti ya kwanza ina thamani 32, ambayo ndiyo urefu wa ujumbe wenyewe. Ya pili ina thamani 64. Kisha zinafuata baiti 28 za nafasi 14 za chaneli, mbili kwa kila nafasi, ile yenye thamani ndogo ikitangulia. Kijiti kikiwa katikati kabisa, chaneli yake husomeka kama 220 ikifuatiwa na 5: tano mara 256 ni 1280, ukiongeza 220 unapata 1500, yaani mikrosekunde zilezile za mpigo wa kawaida, bila kupima muda wowote. Baiti mbili za mwisho ni za uhakiki. Chukua 65,535, toa jumla ya baiti 30 zilizotangulia, na jibu lazima lilingane na namba iliyotumwa. Lisipolingana, ujumbe huo unatupwa wote. Ukaguzi huu mdogo ndio unaoifanya njia hii iwe salama kuliko mipigo, kwa sababu waya ulioguswa na kelele za mota utaleta ujumbe ulioharibika unaotambulika, wakati mpigo ulioharibika unaonekana tu kama amri nyingine ya kawaida.

Arduino Uno, yenye chipu ya ATmega328P inayokwenda MHz 16, ina mlango mmoja tu wa mawasiliano ya aina hii, nao unashirikiana na waya wa USB kwenye pini 0 na 1. Waya wa i-BUS ukiwa kwenye pini 0, kupakia programu mpya kutakwama mpaka uuchomoe, kwa kuwa kipokezi kinazungumza wakati uleule na kompyuta. Hata hivyo pini 1 inaendelea kutuma kuelekea kompyuta, hivyo unaweza kuona namba za chaneli kwenye skrini huku kipokezi kikifanya kazi, mradi utumie kasi ileile ya 115,200. Kujaribu kuukwepa usumbufu huo kwa mlango wa kuigizwa na programu hakusaidii, kwani Uno haiwezi kuumudu kwa uhakika katika kasi hii. Mwenye uwezo achukue Arduino Mega 2560, yenye milango minne, au bodi ya ESP32, yenye mitatu, na shida yote inaisha. ESP32 hufanya kazi kwa volti 3.3, nazo ndizo volti za mawimbi yanayotoka kwenye tundu la i-BUS, kwa hiyo hakuna kipande cha kupunguza volti kinachohitajika hapo.

Nirudi sasa kwenye jambo nililolitaja mwanzo. Katika mfumo wa i-BUS hakuna alama yoyote ndani ya ujumbe inayosema kwamba rimoti imepotea. Mfumo wa S.BUS, unaotumiwa na rimoti za kampuni nyingine, unayo alama hiyo. Kipokezi cha FS-iA6B kikipoteza mawimbi hakinyamazi. Kinaendelea kutuma ujumbe uliokamilika, wenye uhakiki sahihi, kila baada ya milisekunde zilezile, na programu iliyoandikwa vizuri kabisa haitaona tofauti yoyote. Kitabu cha maelekezo kinaeleza kwamba chaneli ambayo kinga yake ya kukatika kwa mawimbi (Failsafe) imewekwa Off hubaki katika nafasi ya mwisho iliyopokelewa. Ikiwa wakati huo kijiti kilikuwa mbele, kigari kitaendelea mbele mpaka kigonge kitu au betri iishe.

Dawa yake ni ya sehemu mbili, na moja haitoshi bila nyingine. Ya kwanza iko ndani ya rimoti. Kwenye menyu ya chaneli za ziada, ipe chaneli ya 5 swichi ya SWA, na uandike programu yako ili mota ziruhusiwe kuzunguka tu pale chaneli hiyo inapokuwa juu ya 1700 hivi, yaani swichi ikiwa imeshushwa. Kisha fungua ukurasa ulioandikwa Failsafe, washa kinga kwa chaneli ya 5 huku swichi ikiwa juu, na kwa chaneli ya 1 na ya 2 huku kijiti kikiwa katikati, halafu uhifadhi kwa kuishikilia Cancel. Tangu hapo, mawimbi yakikatika, kipokezi chenyewe kitaanza kutuma thamani za kusimama. Mpangilio huu una faida nyingine: kwa kuwa rimoti haikubali kuwashwa swichi ikiwa chini, kuiwasha rimoti hakuwezi kukianzisha kigari kikiwa tayari kimeruhusiwa, na mwendeshaji anakuwa na swichi ya kusimamisha kila kitu iliyo karibu na kidole chake muda wote.

Sehemu ya pili iko ndani ya programu, na inashughulikia hali ambayo kipokezi chenyewe kimekufa, kwa waya kuchomoka au umeme wake kukatika. Kila ujumbe uliopita uhakiki uandikiwe muda wake. Muda huo ukizidi milisekunde 100 bila ujumbe mpya, mota zizimwe, na zisiruhusiwe tena mpaka swichi ya SWA ipandishwe na kushushwa upya. Milisekunde 100 ni nafasi ya kukosa zaidi ya ujumbe kumi mfululizo, kwa hiyo kigari hakitasitasita kwa kelele ndogo. Mwenye nia ya kukamilisha kazi awashe pia saa ya ulinzi iliyomo ndani ya ATmega328P, ambayo huianzisha upya chipu ikiwa programu imekwama. Kisha yafanyike majaribio: kigari kikalishwe juu ya tofali ili magurudumu yaning'inie, kiendeshwe kwa nusu ya kasi, na rimoti izimwe ghafla. Magurudumu yakisimama, rimoti iwashwe na yaendeshwe tena, kisha uchomolewe waya wa i-BUS huku yakizunguka. Kigari ambacho hakijapita mitihani hiyo miwili kisishushwe chini.

Mengine ya upande wa programu ni mepesi. Nguvu ya upande wa kushoto ni mwendo ukiongeza mgeuko, ya kulia ni mwendo ukitoa mgeuko, na kinachozidi kikomo kinakatwa. Vijiti vya FS-i6 havirudi kwenye 1500 kamili kila mara, kwa hiyo eneo la mikrosekunde 25 kila upande wa katikati lihesabiwe kuwa sifuri, vinginevyo mota zitakuwa zinanung'unika kigari kikiwa kimesimama. Na amri ya nguvu isibadilike kwa mkupuo kutoka mbele hadi nyuma, bali ipande na kushuka kwa hatua ndogo, kwa sababu mota inayogeuzwa ghafla huvuta umeme mwingi kuliko hata ile iliyozuiwa isizunguke, na huko ndiko gia za plastiki zinakovunjikia meno.

Kuhusu bodi za kuendeshea mota, ile nyekundu ya L298N ndiyo inayopatikana kila mahali, na ndiyo ambayo ningependa watu waache kuinunua kwa kigari chochote kinachozidi ukubwa wa mchezo wa mezani. Chipu yake ni ya transista za kizamani zinazokula volti njiani: kwa mujibu wa hati ya kiwanda, kwa ampea 1 hupotea kati ya volti 1.8 na 3.2, na kwa ampea 2, ambazo ndizo kikomo cha kila upande, upotevu unaweza kufika volti 4.9. Ukiiwekea betri ya volti 11.1, mota inayovuta ampea 1 inaweza kupata volti 8 hadi 9, na kilichobaki kinageuka joto kwenye lile bati jeusi la kupoozea. Mota mbili za upande mmoja zikipanda kilima pamoja, kikomo kinapitwa kirahisi. Ina sifa moja ya kutajwa, nayo ni kidhibiti cha volti 5 kilichomo ndani yake kinachoweza kuilisha Arduino, ingawa kipini chake kidogo cha kuunganishia kinapaswa kuondolewa ikiwa betri inazidi volti 12.

Bodi ya BTS7960 ni jambo jingine kabisa. Hubeba chipu mbili za Infineon, ambazo kwa pamoja huwa na ukinzani wa takriban miliomu 16 tu kwenye njia ya umeme, kwa hiyo ampea 5 zikipita hupotea chini ya volti 0.1 na joto la wati 0.4. Unaligusa bati lake baada ya kupanda mwinuko na bado ni vuguvugu. Wauzaji huandika ampea 43 kwa herufi kubwa, na hapo mnunuzi asome kwa tahadhari: namba hiyo ni kiwango ambacho chipu huanza kujizuia yenyewe, wala haina maana kwamba bodi ndogo yenye bati dogo itabeba mzigo huo kwa kuendelea. Kwa kigari cha mota nne za gia za volti 12, bodi mbili, moja kwa kila upande, zinabaki na akiba kubwa.

Kila bodi ya BTS7960 inahitaji pini mbili za PWM, yaani zinazopunguza au kuongeza nguvu kwa kuwasha na kuzima umeme haraka haraka, na Uno ina pini sita za aina hiyo, kwa hiyo zinatosha. Jambo ninalolipenda zaidi ni pini za R_EN na L_EN, zinazoiruhusu au kuizuia bodi kuipa mota umeme. Nimeziunganisha zote nne, za bodi zote mbili, kwenye pini moja ya Arduino, nikaweka ukinzani wa kiloomu 10 kutoka kwenye pini hiyo kwenda hasi. Arduino ikiwa bado inaamka, au ikianzishwa upya na saa ya ulinzi, pini hiyo inabaki chini na mota zote zinakuwa zimekatiwa umeme bila kusubiri programu iseme lolote. Kwa mzunguko wa kawaida wa PWM wa Hz 490 ambao Arduino huutoa, mota hulia kwa sauti nyembamba inayosikika waziwazi katika mwendo mdogo. Haina madhara, na ukiingia uwanjani hutaisikia tena.

Umeme wa kipokezi na wa Arduino nautoa kwenye kishusha volti cha LM2596 kilichopangwa kwenye volti 5, ili kidhibiti kidogo kilichomo ndani ya Uno kisichemke kwa kushusha volti 11.1 peke yake. Nyaya zote za hasi, za betri, za bodi za mota, za Arduino na za kipokezi, ni lazima zikutane. Lisipofanyika hilo ujumbe wa i-BUS hausomeki kabisa, au unasomeka kwa kuruka ruka. Kwenye kila mota ilehemiwe kapasita ya kauri ya nanofaradi 100 kati ya vituo vyake viwili, kwani brashi za mota ndizo chanzo kikubwa cha kelele za umeme ndani ya kigari. Antena mbili za kipokezi ziwekwe mbali na nyaya za mota, moja ikiwa wima na nyingine ikilala, ili kigari kikigeuka upande wowote moja iwe katika hali nzuri ya kupokea. Kwa mpangilio huo, urefu wote wa uwanja wa mpira haujawahi kunipa mashaka, na zaidi ya hapo macho yenyewe hayatofautishi tena mbele ya kigari na nyuma yake. Fyuzi iwekwe karibu na betri kadiri inavyowezekana, na volti za betri zisomwe na Arduino kupitia vikinzani viwili, kiloomu 10 na 4.7, ambavyo hushusha volti 12.6 za betri iliyojaa hadi takriban 4.

Nani asiinunue seti hii? Anayehitaji umbali wa kilomita kadhaa, au anayetaka kurusha na kuendesha kwa kamera, atahudumiwa vizuri zaidi na rimoti za mfumo wa ExpressLRS. Lakini ajue kwamba vipokezi vya mfumo huo huzungumza kwa kasi ya biti 420,000 kwa sekunde, na Uno ya MHz 16 haiwezi kuitoa kasi hiyo kwa usahihi. Iliyo karibu zaidi ni 400,000, pungufu kwa karibu asilimia 5, tofauti ambayo mawasiliano ya aina hii hayaivumilii. Itambidi atumie ESP32 au nyingine ya kizazi chake. Kwa S.BUS nako mawimbi yake hugeuzwa juu chini, na Uno huhitaji transista ya kuyageuza tena kabla ya kuyasoma. I-BUS haina masharti hayo. Waya mmoja kutoka SERVO hadi pini 0, umeme wa volti 5, hasi zimeungana, na namba zinaanza kusomeka.

Anayekwenda kununua aangalie sanduku kabla ya kulipa, kwa sababu matangazo mengi huandika FS-i6 peke yake na kunyamaza kuhusu kipokezi. Asome maandishi yaliyo juu ya kipokezi chenyewe, atafute herufi B mwishoni mwa jina na matundu mawili yaliyoandikwa i-BUS. Akikuta FS-iA6, aombe kibadilishwe palepale dukani, au apewe FS-iA6B kwa nyongeza ya bei: kipokezi hicho huuzwa pia peke yake, na kinaoanishwa na rimoti ileile kwa kipande cha waya kinachokuja kwenye sanduku.